Kabla fundi hajang'oa bati, soma hapa kwanza!

Leo nataka tuongelee bati. Usicheke! Najua wapo watakaosema huyu binti kaishiwa mada, lakini kama umewahi kulala huku ndoo tatu zinakinga matone chumbani na sufuria iko kitandani, utanielewa.

Nyumbani kwetu Temeke, nyumba yetu ile ya vyumba sita na korido katikati, mama alidunduliza hela za upatu miaka mitatu ili tubadilishe mabati yaliyooza. Siku mabati mapya yanashushwa, mtaa mzima ulijua. Fundi akaja Jumapili asubuhi na maneno matamu: "Mama, kazi ya siku moja tu hii. Usiku mnalala chini ya bati jipya." Sisi nani tubishe? Mwezi wenyewe ulikuwa wa kumi na moja.

Saa sita mchana nyumba ilikuwa uchi kabisa, jua linaingia mpaka uvunguni. Hapo ndipo fundi akagundua kuwa papi za upande wa nyuma zimeliwa na mchwa, msumari haushiki. Kwenda duka la mbao, limefungwa, Jumapili. Huku na huku, saa kumi mawingu hayo! Mvua ya vuli unaijua mwenyewe, haipigi hodi. Magodoro tuliyakimbiza kwa jirani, redio tukaiokoa, lakini kasha la mama lililokuwa uvunguni hakuna aliyelikumbuka.

Humo ndimo ilimokuwa picha pekee ya marehemu baba akiwa kijana, kavaa suruali ya bugaluu, kapiga studio kabla hajamuoa mama. Karatasi zote ziligandana. Tulipoibandua ile picha, uso wa baba ulibaki kwenye kadi ya kliniki ya mdogo wangu. Mama hakulia. Aliianika tu juani ile karatasi nyeupe, siku mbili nzima.

Basi ndugu yangu, ili wewe yasikukute hayo, sikiliza.

Kwanza, chagua majira. Huku Pwani masika ni kati ya Machi na Mei, na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kiangazi cha Juni mpaka Septemba ndicho kipindi cha kuezua. Mvua ya kuibia haikosekani, lakini hapo angalau hujaitafuta mwenyewe.

Pili, mpandishe fundi darini wiki moja kabla. Agonge kila mbao kwa nyundo, ikitoa sauti ya uwazi ujue mchwa kashakula. Nunua mbao za kutosha na ziada kidogo. Papi, misumari, kofia na dawa ya mchwa, vyote viwe uani kabla bati la kwanza halijang'oka. Na mabati yakiletwa, angalia geji. Wengi wanadhani namba kubwa ndiyo bati zito, kumbe ni kinyume: geji 32 ni jepesi kuliko 30, na 30 ni jepesi kuliko 28.

Tatu, usikubali nyumba nzima ivuliwe nguo mara moja. Waezue upande mmja, waezeke, ndipo wahamie mwingine. Azima turubai kubwa liwe tayari, si mpaka mawingu yatande ndo uanze kugonga milango ya watu. Na Jumapili waachie mafundi wapumzike!

Nne, ndani ya nyumba. Juu ya dari kuna vumbi la miaka, masizi, mavi ya popo na mizoga ya panya, na vyote vitashuka. Toa unachoweza, kisichotoka kifunike kwa nailoni. Zima umeme kwenye swichi kuu. Kama waya unaotoka kwenye nguzo umeshikishwa kwenye mbao za paa, fundi bati asiuguse, nendeni TANESCO. Kama unakinga maji ya mvua, ondoa bomba linaloingia kwenye tangi, la sivyo mtakunywa kutu.

Kama nyumba ni ya zamani na paa ni lile la kijivu la asbestosi, hapo usifanye mchezo. Vumbi lake linaleta kansa ya mapafu. Lisivunjwe kwa nyundo wala kukatwa kwa msumeno, na usilitupe jalalani. Waite wataalamu.

Tano, watu. Waambie wapangaji mapema, maana kuna wa zamu ya usiku anayelala mchana, na kuna mwenye mtoto wa pumu. Watoto na wazee wapeleke kwa shangazi. Jioni funga sumaku ya spika mbovu kwenye kijiti, pita nayo uwanja mzima. Utashangaa misumari itakayonasa! Msumari wenye kutu mguuni ni mwaliko wa pepopunda.

Mwisho, na hili usilisahau hata ukisahau yote: kabla fundi hajaweka ngazi, toa kasha. Hati ya kiwanja, vyeti vya shule, kadi za kliniki na picha, funga kwenye nailoni, umkabidhi mtu unayemwamini mkononi. Tena siku hizi simu zina kamera, zipige picha zote ukae nazo. Godoro utanunua jingine, bati utanunua jingine.

Kwetu siku hizi halivuji hata tone. Lakini mawingu yakitanda tu, mama bado anauliza kutoka jikoni: "Kasha liko wapi?" Nasi tunamjibu, "Lipo juu ya kabati, mama." Ndo anaendelea kukuna nazi.

Kwa leo naweka kalamu chini. Wiki ijayo tutaongelea wageni wanaokuja kwa siku mbili wakamaliza mwezi. Usikose!