Gitaa Nalo ni Mashine

Desemba iliyopita, hapa Timau, tulimnyima mpwa wangu jukwaa. Nasema tulimnyima kwa sababu nilikuwa kwenye kamati, na mkono wangu uliinuka pamoja na ya wengine. Kijana alikuja na laptopu kuukuu aliyoinunua kwa mshahara wa kukata maua, na maiki moja. Mzee mmoja akauliza, "Na ala ziko wapi?" Tukacheka. Siku ya sherehe akapanda mtu wa mugithi na gitaa lake, kinanda kikimpigia ngoma na besi, na hakuna aliyeuliza mpiga ngoma yuko wapi.

Wacha niwakasirishe wenzangu wa roki. Sisi ndio wabaya zaidi. Tumezeeka na fulana nyeusi na kanda za Metallica, tukiamini muziki ni jasho la vidole na mwenye kompyuta ni mvivu tu. Haya, chomoa gitaa la metali kwenye umeme uone kitabaki nini. Kelele tunayoipenda inatoka kwenye amplifaya na pedali. Mwaka 1965 kule Newport, Marekani, Bob Dylan alizomewa kwa kupanda na gitaa la umeme. Leo wazomeaji ni sisi.

Na waliotuumbua ni watu wetu wenyewe. Martin Khanja na Sam Karugu walitoka kwenye bendi za metali za Nairobi wakaunda Duma. Kwa Kiswahili huyo ni mnyama wa mbio (na mbio wanazo). Wao walimaanisha giza, kwa Kikuyu. Albamu yao ilitolewa Agosti 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Karugu yuko kwenye gitaa na mashine, Khanja anapiga mayowe, na midundo inakimbia kasi ambayo mkono wa binadamu hauwezi. Mara ya kwanza nilizima baada ya dakika mbili. Nikarudi kwa sababu ya yale mayowe, maana hayo nayajua, ni ya metali kabisa. Nikayafuata, na kabla sijajua nilikuwa nasikiliza mashine, tena kwa hamu. Hakuna dijei angeniweza hivyo. Mimi na ukaidi wangu nilihitaji kuingizwa na mtu wa kwetu.

Kuna wanaosema Khanja aliisaliti roki. Mwaka 2024, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau kutoka Nyeri aliyefariki 2023. Huku mlimani tuna magitaa mangapi? Na ni mangapi yamemkumbuka mama huyo kwa hasira inayomfaa?

Watasema hizo ni kelele za kuwafurahisha Wazungu. Ni kweli sijawahi kuzisikia kwenye matatu ya Nanyuki. Lakini zitasikika vipi, kama wanaoamua nini kipigwe ni watu kama mimi, mkono juu, tukicheka?

Juzi nilimwambia mpwa wangu kwamba kamati inakaa tena Agosti, na safari hii nitamtetea. Hakunishukuru.

"Anko, mtanipatia soketi ngapi?"

Nikasema moja. Akasema anataka mbili.