Diski ya laptopu kuukuu: Unanunua hifadhi au siri za mtu mwingine?

Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya bure ya usalama kwa kompyuta zinazotumia Windows 10, isipokuwa kwa waliojiunga na mpango wa muda wa nyongeza. Toleo linalofuata, Windows 11, linazikataa kompyuta nyingi za zamani, hata zile ambazo bado zinawaka na kufanya kazi vizuri.

Kwa hiyo ofisi, shule na watu binafsi katika nchi nyingi wamepata sababu mpya ya kuachana na mashine zao. Baadhi ya mashine kuukuu huishia katika maduka ya mitumba ya miji yetu, ama zikiwa nzima, ama zikiwa vipuri. Kipuri kimoja kinachotafutwa ni diski, yaani sehemu inayotunza kazi zote za mwenye kompyuta.

Fundi huichomoa diski hiyo, akaitia katika kasha dogo lenye waya wa USB, na hapo imekuwa diski ya kubeba mkononi. Kwa msikilizaji ambaye simu yake kila mara inamwambia nafasi imejaa, hii ni nafuu. Lakini kabla ya kutoa pesa yako, yapo mambo ya kujua.

Inawezekanaje?

Diski ya laptopu, inayojulikana kwa kipimo cha inchi 2.5, hutumia umeme mdogo wa volti 5, ambao waya wa USB unaweza kuuleta. Diski ya kompyuta ya mezani, ya inchi 3.5, huhitaji pia volti 12, ndiyo maana lazima iwe na chaja yake.

Faida nyingine ni matengenezo. Tundu la USB likiharibika, unabadilisha kasha tu na mafaili yako yanabaki salama. Baadhi ya diski za kubeba zinazouzwa dukani zikiwa mpya zina tundu lililounganishwa moja kwa moja na diski yenyewe, na likivunjika kazi inakuwa kubwa.

Laptopu nyembamba za miaka ya karibuni zina diski ya aina nyingine, kama kijiti bapa. Hiyo ina kasha lake tofauti, kwa hiyo mwonyeshe muuzaji diski kabla ya kununua kasha.

Mnunuzi aangalie nini?

Kwanza, aina. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka ndani. Ikianguka wakati inafanya kazi, kichwa cha kusomea kinaweza kukwaruza sahani, na picha zako zikapotea. Aina ya SSD haina kitu kinachozunguka, hivyo huvumilia zaidi mtikisiko wa bodaboda.

Pili, umri. Mwambie fundi aiunganishe na kompyuta na kufungua programu ya bure kama CrystalDiskInfo. Itaonyesha saa ambazo diski imefanya kazi na kama ina sehemu zilizoanza kufa. Akikataa kuipima mbele yako, iache. Usishtuke ukiona diski ya GB 500 inaandika 465: hiyo ni tofauti ya namna ya kuhesabu, hujaibiwa.

Tatu, simu yako. Utahitaji waya wa OTG, na simu nyingi hazina nguvu ya kutosha kuizungusha diski ya sahani. Ukisikia inagonga au inawaka na kuzima, ichomoe uitumie kwenye kompyuta. Mwombe fundi aifomati kwa mfumo ambao simu yako inausoma. FAT32 husomwa na simu nyingi, lakini haipokei faili moja linalofika GB 4. Simu nyingi mpya husoma exFAT, ambayo haina kikwazo hicho.

Na ya aliyetangulia?

Upande huu husahaulika. Kufuta mafaili, au kufomati kwa haraka, ni kama kukata jina la mwanafunzi kwenye daftari la mahudhurio: jina halipo, mwanafunzi bado ameketi darasani. Programu za kurejesha mafaili zinaweza kuyatoa tena.

Hata wakubwa wameumia kwa hili. Septemba 2022, mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilitangaza kuwa kampuni ya fedha ya Morgan Stanley italipa dola milioni 35. Kampuni hiyo ilikuwa imekabidhi maelfu ya diski kwa wahamishaji mizigo wasio na ujuzi wa kuteketeza taarifa, na baadhi yake zikauzwa kwenye mnada wa mtandaoni zikiwa bado na taarifa za wateja.

Huku kwetu, fikiria kompyuta ya zahanati, ya shule au ya SACCOS yako. Humo kuna majina, namba za vitambulisho, madeni na magonjwa ya watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mwanachama ana haki ya kuuliza kwenye mkutano: kompyuta ya zamani ilikwenda wapi, na diski yake ilifutwaje?

Kwa diski ya sahani, ondoa alama ya kufomati haraka kwenye Windows, kisha iache ifutike yote, hata ikichukua saa nyingi. Kwa SSD, tumia programu ya kufutia ya kampuni iliyoitengeneza. Ukinunua diski iliyotumika, ifute hivyo hivyo kabla ya kuweka chochote, maana inaweza pia kuwa na virusi.

Halafu itumie kama nakala ya pili. Picha za harusi, hati ya shamba na hesabu za kikundi zibaki pia mahali pengine, kwa sababu diski iliyotumika miaka mingi inaweza kufa bila kutoa taarifa.