Hati za Uraia Zitayarishwe Mume Akiwa Hai

Ndoa baina ya watu wa visiwa vyetu na watu wa ng'ambo si jambo la leo. Tangu majahazi yalipokuwa yakifuata pepo za kusi na kaskazi, mtu wa Unguja ameoa Ngazija, wa Pemba ameoa Mombasa na Lamu, na wapo waliooa Maskati na Hadhramaut. Mke huletwa, akapokewa na mawifi, akazaa, akalea, akauguza wakwe zake mpaka kuwazika, na mtaa mzima ukamhesabu kuwa ni wake. Lakini mtaa hautoi uraia. Uraia hutolewa kwa sheria, na siku anapoitwa kuhojiwa ndipo nyumba nyingi zinapotanabahi kwamba katika miaka yote ya ndoa haikuwekwa karatasi hata moja ya maana.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995 imempa mwanamke aliyeolewa na raia njia nyepesi kuliko ya mgeni mwengine: anaweza kuomba wakati wowote katika uhai wa mumewe. Tunawaomba wasomaji wayazingatie maneno hayo ya mwisho. Mume akifariki kabla ombi halijapelekwa, njia ile imeziba, na mjane hupimwa kama mgeni yeyote. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Anayesema kila mwaka kuwa tutakwenda afisini baada ya Mfunguo Mosi, anauweka rehani ukaazi wa mkewe kwa umri ambao hana mamlaka nao.

Mwanamme wa kigeni aliyemuoa binti yetu hana mlango huo. Yeye hufuata njia ya kawaida, ambayo pamoja na mengine inadai awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hapo awe ameishi jumla ya miaka 7 katika miaka 10. Wapo wanaoilalamikia tofauti hii baina ya mume na mke, wala hatuoni kuwa malalamiko yao ni ya upuuzi; lakini maadamu sheria ni hiyo, itimizwe.

Sasa tuje kwenye hati zenyewe. La kwanza ni cheti cha ndoa. Ni kweli kwamba nikaha hutimia kwa wali, mashahidi na tamko, wala karatasi si nguzo yake. Hata hivyo, aya ndefu kuliko zote katika Msahafu, ya 282 katika Suratul Baqara, imehusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Waumini walioamrishwa kuandika deni la mali wana udhuru gani wa kuacha ndoa bila ya maandishi? Aliyeoa bila ya kusajili na asajili sasa, wali na mashahidi wakiwa bado wapo.

La pili, na hili ndilo linalowakwamisha wengi, ni majina. Mke ameandikwa Khadidja katika cheti cha kuzaliwa kutoka Ngazija, Hadija katika cheti cha ndoa, na Khadija katika pasipoti. Kwetu mtu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu; kwengine huandikwa majina mawili, au lakabu ya ukoo ikaingia. Mbele ya afisa, hao ni watu watatu. Hitilafu hizi hurekebishwa kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili, na vyeti vya Kifaransa au Kiarabu hufasiriwa na mfasiri anayekubalika. Kazi hiyo haifanywi usiku wa kuamkia mahojiano. Pasipoti na kibali cha ukaazi navyo viangaliwe visije vikawa vimekwisha muda.

Afisa akiuliza mlioana wapi na nani alisimama wali, hamtukani mtu; ndoa za kutafutia uraia zipo duniani, na ni wajibu wake kupambanua. Mume na mke wakae pamoja wakumbushane tarehe na safari, si kwa kutunga, bali kwa kuwa kumbukumbu za wawili hupishana.

Mke aelezwe pia kwamba nchi yetu haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Kenya imekubali jambo hilo katika Katiba yake ya 2010, lakini ruhusa ya Kenya haitufungi sisi. Atatakiwa kuukana uraia wake wa kwanza, na asikimbilie kuukana kabla ya kuelekezwa na wenye mamlaka, asije akabaki bila ya kwao wala kwetu. Tena, uraia ni jambo la Muungano. Kuwa Mzanzibari ni shauri jengine, lenye sheria yake ya 1985. Cheti cha uraia peke yake hakimpi mtu haki ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi.

Kwa upande wa Serikali, tusifichane. Mwananchi huambiwa leo alete hati tatu, kesho ya nne, keshokutwa aanze upya kwa kuwa afisa mwengine amekaa mezani. Katika mianya hiyo ndimo vishoka wanamopatia riziki yao, na mwanamke asiyejua wa kumuuliza ndiye anayewalipa. Tunazitaka Idara ya Uhamiaji na afisi za wilaya zitoe orodha moja ya hati zinazohitajika, kwa Kiswahili, pamoja na ada iliyo halali, ibandikwe kwa kila sheha, Unguja na Pemba. Na kila hati inayopokelewa itolewe risiti yenye tarehe.