Maadili Hukaa Ndani ya Mchoro

Wapo wenzetu vyuoni wasemao kwamba maadili ni kazi ya msikiti na kanisa, na kazi ya mhandisi ni hesabu. Wapo na wengine wayakubalio maadili, lakini huyapa saa chache za mwisho wa masomo, kama chumvi inyunyizwayo juu ya chakula kilichokwisha pakuliwa. Nawapinga wote, na mashahidi wangu nawatoa karibu.

Pale Tinde njia itokayo Nzega hugawanyika. Moja huelekea Shinyanga. Nyingine hushika Isaka na Kahama, na mbele yake ni Geita kwenye dhahabu. Huko limo karasha, mashine isagayo mawe. Mnunuzi wake huuliza mambo mawili: bei yake, na wingi wa mawe yasagwayo kwa siku. Mbunifu aliyefunzwa hesabu tupu huyajibu hayo mawili akalala usingizi. Lakini mawe ya dhahabu aghalabu yana silika. Yakisagwa makavu hutoa vumbi jembamba liingialo mapafuni lisitoke. Alivutalo si mnunuzi. Ni kijana alishaye mashine, na mama aketiye kando na mtoto mgongoni. Kifuniko na maji kidogo vingelipunguza vumbi lile. Je, kifuniko hicho ni hesabu au ni maadili? Ni yote mawili, na atakaye kuyatenga huyaua yote mawili.

Itazame na zebaki. Ugonjwa wa Minamata, kule Japani, ulitambuliwa mwaka 1956. Mkataba uitwao kwa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Hata hivyo wachenjuaji wengi wadogo bado huichoma zebaki wazi motoni, ingawa chombo cha kunasa mvuke wake kimekuwapo zamani. Mhubiri huwaita wajinga. Lakini waulize, watakuambia kwamba chombo cha chuma kilichofungwa huficha dhahabu, na mtu hapendi mali yake ipotee machoni pake. Basi kosa moja limo katika chombo chenyewe: aliyekibuni aliujua mvuke, hakumjua mtu. Maadili ya mimbari humlaumu mchenjuaji. Maadili ya mchoro hutafuta chombo kionyeshacho kilichomo ndani.

Nitaambiwa kuwa nchi ina sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1997, ina Bodi, na wahandisi huapishwa. Ni kweli, na ni jambo jema. Lakini kiapo huja baada ya mkono kwisha kuzoea, na samaki mkunje angali mbichi.

Kwa hiyo nadai hivi: kila mchoro wa mtihani uonyeshe, pamoja na vipimo vyake, ni nani asiyenunua chombo hicho lakini atakivuta, atakinywa au atakaa chini yake, na mbunifu amemkinga kwa nini. Asiyeweza kujibu asihesabiwe kuwa amepungukiwa na uchaji. Ahesabiwe kuwa ameshindwa uhandisi.