Sitara ya wazazi na chumba cha mabinti

Msomaji wetu wa Kasulu, mama wa watoto watano, ametuletea suala ambalo tumeona linazigusa familia nyingi za nyanda za juu za Kigoma. Mumewe, baada ya kuuza maharage ya msimu, ameazimia kukikarabati chumba chao cha kulala kiwe masta, yaani chumba chenye choo na bafu ndani yake. Nyumba yao ina vyumba vitatu. Kile kinachopakana na chumba cha wazazi wanalala mabinti wawili, mmoja wa miaka 13 na mwingine wa miaka 11. Fundi amekwishapima na kutoa rai yake: ukuta utobolewe, chumba cha mabinti kigeuzwe bafu kubwa lenye sehemu ya kabati la nguo, na mabinti wahamie sebuleni, au walale na kaka zao katika chumba cha tatu. Mama huyu haupingi ukarabati. Anauliza tu iwapo mpango huo ni wa haki.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba nia ya mume huyu ni njema, bali mahali alipopachagua ndipo penye tatizo.

Wema wa nia yake unaonekana kwa yeyote anayeijua miji yetu. Nyumba nyingi za Kasulu na Kibondo zina choo na bafu uani, hatua kadhaa kutoka mlango wa nyuma. Mke anayetaka kuoga josho la janaba kabla ya Alfajiri hulazimika kubeba ndoo gizani, katika baridi ya mwezi wa Julai, akipita mbele ya dirisha la shemeji au la mgeni aliyelala chumba cha uani. Kila mwenye macho ataelewa ametoka wapi na anakwenda kufanya nini. Wapo wanaolichelewesha josho kwa haya tu, jua likachomoza na Swala ikawapita. Mume anayemwondolea mkewe adha hiyo hafanyi anasa, bali anatimiza sehemu ya wajibu wake wa kumpa mkewe makazi yenye sitara. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba choo cha ndani ni mambo ya kuiga watu wa mijini, tunawaomba wajaribu kubeba ndoo hiyo wao wenyewe kwa muda wa wiki moja.

Lakini sitara katika nyumba ya Kiislamu haikuwekwa kwa ajili ya wazazi peke yao. Sura ya An-Nur, aya ya 58, imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto wadogo wa nyumbani wanatakiwa kuomba idhini kabla ya kuingia: kabla ya Swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya Swala ya Isha. Aidha, katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) ameelekeza watoto watenganishwe malazi wanapofikia miaka 10. Mabinti hawa wote wawili wameuvuka umri huo. Kuwarudisha katika chumba kimoja na kaka zao ni kwenda kinyume na mafundisho hayo moja kwa moja, na kuwaweka sebuleni hakuna nafuu kubwa. Binti wa miaka 13 ama ameanza hedhi, ama yu karibu kuanza. Sebuleni atabadilishia wapi nguo? Atavianika wapi vitambaa vyake? Mgeni wa baba akija usiku, yeye ataamshwa aende wapi?

Ndiyo maana tunashauri chumba cha mabinti kiachwe kama kilivyo, na bafu litafutwe upande wa nje. Viwanja vya Kasulu bado vina nafasi, na chumba cha wazazi mara nyingi kina ukuta mmoja au miwili inayotazama nje. Bafu la familia halihitaji ukubwa wa chumba cha kulala. Mita 1.5 kwa mita 2.2 zinatosha kwa sinki la choo, sehemu ya kuogea na beseni la kunawia. Likijengwa kwa kuegemezwa kwenye ukuta wa nje, kazi ya kuvunja inakuwa ndogo, na vumbi haliingii nyumba nzima.

Mlango nao una ujanja wake. Mahali pepesi pa kuutoboa ni pale penye dirisha, kwa kuwa lenta ya juu ipo tayari. Ukuta ulio chini ya dirisha unaondolewa, upana unapunguzwa kwa tofali, na mlango unapatikana bila kuugusa mzigo wa juu. Sharti ni chumba kibaki na dirisha jingine. Ikiwa dirisha ni hilo moja tu, lifunguliwe kwanza jipya katika ukuta mwingine wa nje, lenye lenta yake, ndipo la zamani liguswe.

Tunatia mkazo jambo hili la kuta kwa sababu ya namna nyumba zetu zilivyojengwa. Tofali za kuchoma za nyanda hizi ni imara na tunajivunia, lakini nyumba nyingi zimejengwa kwa kuunganisha tofali hizo kwa udongo, saruji ikatumika kuziba viungo kwa nje na kupiga lipu tu. Ukuta wa namna hiyo huishi miaka mingi ukiwa mkavu. Ukilowa kutoka ndani, udongo unalainika na tofali zinaanza kutembea. Kwa hiyo fundi asichimbe mifereji mirefu ukutani ili kuficha mabomba. Mabomba yapite nje ya ukuta, yaonekane, na yakivuja yajulikane siku hiyohiyo. Kuta za bafu jipya zijengwe kwa saruji tangu msingi.

Huko Kibondo, kaskazini ya Kasulu, tuliona nyumba moja iliyotufundisha zaidi kuliko maelezo ya mafundi. Mwenye nyumba alikuwa ameweka marumaru yenye maua, kioo kikubwa na dari ya jipsamu. Shimo la maji machafu lilikuwa limechimbwa hatua mbili tu kutoka msingi, ili kuokoa bomba. Msimu wa pili wa mvua ukuta wa chumba ulipasuka kuanzia chini hadi kwenye lenta, na chumba kizuri kikawa hakilaliki. Fedha zilikuwa zimewekwa kwenye vile vinavyoonekana, na visivyoonekana vikasubiri mvua.

Basi bajeti ianzie chini ya ardhi. Shimo la kufyonzea maji lisipungue mita 5 kutoka nyumba, na lisipungue mita 30 kutoka kisima, chako au cha jirani, tena liwe upande wa chini wa mteremko. Kumchafulia jirani maji ya kunywa na ya kutawadhia ni dhuluma, hata kama shimo liko ndani ya mipaka yako. Bomba la choo liwe la inchi 4, lishuke kama sentimita 2 kwa kila mita, na liwe na chemba kila linapokata kona. Chini ya kila tundu la maji sakafuni pawe na kona ya bomba inayobaki na maji wakati wote, maana maji hayo ndiyo yanayoizuia harufu na mende kurudi chumbani.

Kisha maji yenyewe. Kujenga choo cha kuflashi mahali ambapo bomba hutoa maji kwa zamu ni kujitafutia fedheha. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, kwa hiyo lijengewe mnara wake, wala lisipandishwe juu ya ukuta wa tofali na udongo. Nyanda hizi zina neema ya mvua kuanzia Oktoba hadi Mei. Paa la mita za mraba 60 likinyeshewa mvua ya milimita 20 hupokea lita 1,200. Hata zikipotea lita 200 njiani, tangi limejaa kwa mvua moja. Wakati wa kiangazi, bomba la mvua la bafuni ni mlaji mkubwa, kwani linaweza kumwaga lita 8 hadi 10 kwa dakika. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki lita 1, na akioga kwa pishi moja hadi mudi tano, kiasi cha lita 3 au zaidi kidogo. Ndoo na kopo visiondolewe bafuni kwa kuona aibu.

Lipo pia jambo la upande wa kibla, ambalo mafundi wengi hawaulizi. Kutoka Kasulu na Kibondo, Makka iko kaskazini, kwa kuegemea mashariki kwa takriban nyuzi 20. Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) amepokea katazo la kukielekea kibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Ibn Umar (r.a.) naye alisimulia alichokiona juu ya nyumba ya Hafsa (r.a.), na kwa ajili hiyo wanachuoni, akiwamo Imamu Shafi, waliruhusu ndani ya majengo. Hatuoni sababu ya kubishana, kwani sinki likitazama mashariki au magharibi mtu ametoka katika hitilafu hiyo bila gharama yoyote. Gharama huja pale linapokuwa limeshapigwa saruji. Sehemu ya choo iwe chini kidogo kuliko sehemu ya kuogea, na katikati pawekwe kizingiti kifupi, ili maji ya najisi yasimfuate anayekoga.

Tuna tahadhari moja ambayo hatutaki ipite kama neno la pembeni. Baridi ya Juni na Julai huwashawishi baadhi ya watu kuingiza jiko la mkaa bafuni au chumbani. Bafu la ndani ni dogo na hufungwa, na moshi wa mkaa usioonekana wala kunuka huua mtu akiwa usingizini. Jiko libaki jikoni, maji ya moto yaletwe kwa ndoo. Tangu gridi ya taifa ilipofika mkoani mwaka 2022, wapo wanaoweka hita ya umeme ya kuogea. Ni vizuri, mradi iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, pamoja na waya wa ardhini, na ifungwe na fundi mwenye leseni. Dirisha dogo la juu bafuni ni lazima kwa hali zote.

Kwa kuwa bafu la mita 1.5 ni nafuu kuliko lile la fundi, ndugu yetu wa Kasulu atabakiwa na fedha. Tunamshauri asizipeleke kwenye jipsamu. Bafu la uani litengenezwe kwa ajili ya watoto: mlango wenye komeo la ndani, taa, sakafu isiyoteleza, na kamba ya kuanikia iliyo nyuma ya ukuta. Na kama fedha hazitoshi kwa yote mawili, yaanze ya uani, ya ndani yangoje mavuno yajayo, kuliko kukopa kwa riba ili kumalizia marumaru.

Kazi ya kuchimba na kujenga msingi ifanyike kati ya Juni na Septemba. Makubaliano na fundi yaandikwe mbele ya mashahidi, malipo yagawanywe kwa hatua, na hatua moja iwe ya majaribio. Kabla ya kulaza marumaru, tundu la sakafuni lizibwe, sakafu ijazwe maji kimo cha vidole viwili, na alama ichorwe ukutani kwa kalamu. Yaachwe mpaka kesho yake saa ileile. Maji yakiwa yameshuka chini ya alama kuliko kinavyoweza kukausha kivuli, au ukuta wa chumbani ukiwa na unyevu, fundi airudie sakafu kwa gharama yake, na fungu la mwisho la malipo lisitoke mpaka jaribio la pili lipite.