Makazi ya wazee: Mchele tunapeleka, muuguzi je?

Kila Oktoba Mosi, Siku ya Wazee Duniani, na tena wakati wa Krismasi na Idd, magari hujipanga nje ya makazi ya wazee. Hushushwa mchele, sukari, mafuta ya kula na miche ya sabuni. Picha hupigwa, dua huombwa, wageni huondoka. Ni jambo jema na lisiachwe. Lakini kesho yake mzee mwenye presha bado anahitaji mtu wa kumpima, na aliyelala kitandani bado anahitaji mtu wa kumgeuza. Mchele haufanyi kazi hiyo.

Hoja yangu ni moja. Makazi ya wazee, yawe ya Serikali, ya taasisi ya dini au ya chama kisichotafuta faida, ni mahali pa huduma ya afya kabla ya kuwa bweni. Tuyaendeshe na kuyachangia tukijua hivyo.

Tujiulize kwanza nani anaishi humo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, inaweka jukumu la matunzo kwa familia na jamii. Makazi ni hatua ya mwisho. Sina ugomvi na msimamo huo, ila una matokeo yake. Wanaofika makazini ni wale waliokosa pengine pote: wasio na watoto, wenye ulemavu, waliopoteza kumbukumbu, na wengine waliokimbia vijiji vyao baada ya kutuhumiwa uchawi. Makazi ya Nunge, Kigamboni, yalianza kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma. Yaani tumewakusanya wazee wenye mahitaji makubwa ya kiafya kuliko wenzao, kisha tunawapimia huduma kwa magunia.

Chukua suala la kuanguka. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye miaka zaidi ya 60. Mzee akivunjika nyonga, mara nyingi hasimami tena kama zamani. Kinga yake haihitaji mtaalamu kutoka nje: vishikio kwenye ukuta wa choo, taa inayowaka usiku, sakafu isiyoteleza, miwani inayomfaa, na fimbo yenye mpira chini. Mwashi na fundi umeme wanaweza kuokoa maisha hapa.

Kuna pia vidonda vya kulalia, vile vinavyotokea mgongoni chini, nyongani na visiginoni kwa mtu asiyeweza kujigeuza. Kwa kawaida mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili au hivi. Piga hesabu: mzee mmoja ni mara 12 kwa siku. Wazee 10 ni mara 120, mchana na usiku. Mhudumu mmoja wa zamu ya usiku, hata awe na moyo wa dhahabu, hawezi. Ukiona kidonda, usikimbilie kumlaumu yeye. Uliza wako wangapi zamu.

Halafu kuna dawa. Mzee mmoja anaweza kuwa na presha, kisukari na maumivu ya viungo kwa pamoja. Akiachiwa vidonge vyake mwenyewe, leo atasahau, kesho atameza mara mbili. Anahitaji kadi yake, na mtu anayejua kuisoma. Mtu huyo ndiye atakayegundua kwamba mzee aliyeanza kuweweseka ghafla hajafikwa na “uzee” tu. Huenda ana maambukizi ya njia ya mkojo, amepungukiwa na maji mwilini, au dawa zimemzidi. Hayo yanatibika, lakini yasipoonwa mapema yanaua.

Tatizo ni kwamba makazi ya Serikali yako chini ya wizara inayoshughulikia maendeleo ya jamii na makundi maalumu, wakati kutibu ni kazi ya sekta ya afya. Mzee anaweza kudondokea katikati. Ndiyo, upo msamaha wa matibabu kwa wazee wasio na uwezo, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Lakini dirisha humsaidia anayeweza kulifikia. Asiyeweza kutoka kitandani anahitaji dirisha limfuate.

Kwa hiyo kila makazi, pamoja na yale ya taasisi za dini na vyama, yakabidhiwe rasmi kwa zahanati au kituo cha afya kilicho jirani. Muuguzi afike kwa ratiba inayojulikana, daktari walau mara moja kwa mwezi. Taasisi hizo zimebeba mzigo wa umma, hivyo si haki kuziacha zitafute muuguzi kwa harambee.

Wapo watakaosema kwamba makazi yakiboreshwa, watu watawatelekeza wazazi wao. Siamini. Anayemtupa mama yake hasubiri kwanza kuona choo chenye vishikio. Kinyume chake, makazi yenye wahudumu waliofunzwa yanaweza kuwafundisha majirani namna ya kumgeuza, kumwogesha na kumlisha mzee nyumbani. Familia nyingi zinashindwa kwa kutojua, si kwa kukosa upendo.

Nawe msomaji, kabla ya kupakia gari mwaka huu, mpigie simu mfawidhi wa makazi umuulize wamepungukiwa nini mwezi huu. Huenda ni pampasi za watu wazima, glovu au mashine ya presha. Kama mko kikundi kazini au katika jumuiya, ulizeni kama mnaweza kuchangia posho ya mhudumu mmoja wa usiku kwa mwaka mzima. Haitatoa picha nzuri kama gunia la mchele. Lakini saa nane za usiku, mzee akiita, kutakuwa na mtu wa kuitika.