FLAC Haijafa, Zinazoua Ni Tiba Zenu

Nimekuwa kimya kwa majuma matatu hivi kwa sababu ya kazi, na nilikuwa nimepanga kurudi na makala ya hifadhidata niliyowaahidi. Hiyo itangoja kidogo. Leo nina hasira, na afadhali niitoe hapa kuliko kuimeza.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1994 mjomba wangu wa Mombasa alichukua redio kaseti, akaketi na nyanya barazani jioni baada ya jioni, akamrekodi akisimulia: hadithi, vitendawili, nasaba ya ukoo, nyimbo za kubembeleza watoto. Kanda 14, saa moja kila moja. Mimi sikumkuta nyanya akiwa hai. Sauti yake naijua kwa kanda hizo tu. Mwaka 2009 mjomba, ambaye ni mwalimu wala si mtu wa tarakilishi, aliunganisha redio na tarakilishi yake ya Windows XP kwa waya, akazihamisha kanda zote zikawa faili za WAV. Nampa heko hadi leo, kwa sababu unyevu wa Pwani haukuzihurumia kanda zenyewe. Nyingine zimeota ukungu, nyingine utepe umeshikana, ukiuvuta unakatika.

Mwaka huu akanunua tarakilishi mpya yenye Windows 11. Ile ya zamani akaiuza. Akaziweka WAV zake kwenye folda ya Music, akataka kuzigeuza ziwe FLAC ili awagawie ndugu. Akasakinisha programu ile ile aliyoizoea enzi za XP: kidirisha unachoburutia faili, na nyuma yake flac.exe ya mwaka 2007. Akabonyeza. Dirisha jeusi likatokea, kufumba na kufumbua likatoweka. Faili ya FLAC hakuna.

Akaenda kwa fundi. Fundi akazima ulinzi wa virusi, akajaribu faili mbili, zikakubali. Mjomba akalipa, akarudi nyumbani, akajaribu tena: zimekataa! Akarudi kwa fundi. Safari hii fundi akaifungua programu kwa Run as administrator. Sasa hata kuburuta faili hakuwezekani tena. Fundi akatoa hukumu: "Mzee, FLAC imekufa. Windows 11 haiitaki. Tutie MP3." Akageuza kanda nne kuwa MP3 ya 128 kbps, akafuta WAV zake "kupunguza mzigo", akamwaga na pipa la taka. Mjomba aliponipigia simu kuniuliza kwa nini sauti ya mama yake imekuwa kama inatoka ndani ya mtungi, kanda nne zilikuwa zimeshaondoka. Diski ni SSD, na Windows huiarifu diski ya aina hiyo isafishe nafasi ya faili zilizofutwa. Tulijaribu programu za kufufua faili, hatukupata kitu.

Basi nasema hivi, na asiyependa asipende: HAIKUWA FLAC. Haikuwa hata Windows 11. Zilikuwa tiba zinazotolewa kabla mgonjwa hajaulizwa anaumwa wapi.

Kwanza tuielewe FLAC yenyewe. Ni njia ya kukandamiza sauti bila kupoteza chochote, kama vile ZIP inavyokandamiza barua yako bila kufuta neno hata moja. Ukiifungua unapata WAV ile ile, biti kwa biti. Josh Coalson alitoa toleo 1.0 mwaka 2001, mradi ukaingia Xiph.Org mwaka 2003, na mwezi Desemba 2024 muundo wake ukachapishwa rasmi kama RFC 9639. Toleo 1.5.0 lilitoka Februari 2025. Windows yenyewe hucheza FLAC bila kuongezewa kitu tangu Windows 10 ya mwaka 2015. Faili iliyotengenezwa mwaka 2001 inafunguka leo. Huyo ndiye maiti wa fundi!

Kilichozeeka ni kile kidirisha cha kuburutia. Watu huchanganya mambo haya mawili kila siku. Kidirisha kikishindwa, husema FLAC imeshindwa. Ni sawa na kusema ugali umeharibika kwa sababu sahani imevunjika.

Sasa tazama kilichokuwa kikitokea kweli. Nilitumia kama dakika arobaini kukigundua, nikiwa Nairobi, mjomba akinisomea kioo kwa simu.

Kwanza, dirisha jeusi linalotoweka si fumbo. Lina ujumbe, ila linafungwa kabla hujausoma. Dawa yake ni kulifungua wewe mwenyewe: andika cmd kwenye menyu ya Start, ingia kwenye folda ya faili zako, uiendeshe flac kwa mkono. Dirisha halifungwi tena. Mara moja flac ikatuambia kwamba haiwezi kufungua faili ya kuandikia. Maana yake kodeki ni nzima, sauti imesomwa, ila kuna mtu mlangoni anayekataza kuandika.

Mtu huyo anaitwa Controlled folder access. Microsoft walimleta Windows 10 mwaka 2017 kupambana na programu zinazofunga faili za watu na kudai fidia. Huwa amelala, lakini binti ya mjomba alimwasha, na alifanya vyema. Akiwa macho, programu asiyoijua haiandiki kwenye Documents, Pictures wala Music. Na flac.exe ya mwaka 2007 hakuijua. Ushahidi wote ulikuwa umeandikwa kwenye Windows Security, sehemu ya Protection history, pamoja na jina la programu na saa. Hakuna aliyefungua.

Mnaona sasa kwa nini tiba ya kwanza ilifanya kazi dukani ikakataa nyumbani? Ulinzi wa Windows ukiuzima kwa mkono hujiwasha tena wenyewe baada ya muda. Fundi hakutibu kitu. Alimlaza mlinzi usingizi, akalipwa, na mlinzi akaamka mjomba akiwa njiani. Tiba ya kweli ni mojawapo ya mbili: andikia FLAC zako kwenye folda nyingine, kwa mfano C:\Sauti, au umtambulishe mlinzi kwa flac.exe peke yake kupitia Ransomware protection. Programu moja inaruhusiwa, nyumba inabaki na mlinzi.

Pili, hii tabia ya Run as administrator. Ndugu zangu, hiyo imekuwa kama panadol: kichwa, tumbo, mguu uliovunjika, wote wapewe panadol. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu yenye mamlaka ya kawaida hairuhusiwi kutuma ujumbe kwa dirisha la programu yenye mamlaka ya juu. Ni kinga, ili kirusi kidogo kisimwamrishe mkubwa. Sasa, unapoburuta faili, anayeiburuta ni Explorer, na Explorer ana mamlaka ya kawaida. Kidirisha ukikipandisha cheo kuwa msimamizi, umekifungia mlango usoni mwa Explorer. Kuburuta kunakufa PAPO HAPO, bila ujumbe wowote. Yaani tiba ndiyo iliyoleta ugonjwa wa pili, na ugonjwa wa pili ukatumiwa kama ushahidi kwamba mgonjwa amekufa!

Tatu, na hili lilinichekesha nikiwa na hasira zangu. Baada ya kuuweka sawa mlango, faili zote zilikubali isipokuwa moja. Jina lake: Ng’ombe wa nyanya. Mjomba alilinakili jina hilo kutoka ujumbe wa simu, na simu nyingi hugeuza alama ya ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kidirisha chake huandika amri kwenye faili ya bechi kwa jedwali la herufi la Windows, ambamo ritifaa iliyopinda ni namba 146. Dirisha jeusi likaisoma namba hiyo kwa jedwali la zamani la DOS, ambamo 146 ni herufi Æ. Kwa hiyo flac ilikuwa ikitafuta faili inayoitwa "NgÆombe", na faili hiyo haipo duniani. Mwandishi wa kidirisha hakuwahi kumwaza mtu anayeandika ng'ombe. Flac yenyewe ilirekebishwa ishughulikie herufi za kila aina kwenye Windows kuanzia toleo 1.3.0 la mwaka 2013. Sisi bado tunabeba ya mwaka 2007 na kulaumu Windows ya mwaka 2021.

Najua mtanijibu nini. Mtasema: "Kanda ya kaseti ina kelele tele, MP3 inatosha, masikio hayasikii tofauti." Kusikiliza ndani ya matatu, sawa, inatosha. Ukitumia kiwango kizuri, huenda hata mimi nisitambue tofauti. Lakini nakala ya kusikiliza si nakala ya kuhifadhi. MP3 hutupa kile inachokisia kuwa sikio halitakisikia, na ilichokitupa hakirudi. Kesho ukitaka kupunguza ule mvumo wa kaseti, programu ya kusafisha inahitaji mvumo halisi ili iutenganishe na sauti ya mtu. MP3 imeshauvuruga. Ukigeuza tena kuwa muundo mwingine usiohifadhi kila kitu, unapoteza mara ya pili. Kutoka FLAC unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote. Kurudi nyuma hakuna.

Mtasema pia nafasi ni haba. Haya tupige hesabu. Saa moja ya sauti ya stirio kwa kiwango cha CD ni baiti milioni 635. Kanda 14 ni GB 9 bila kukandamiza chochote. Inatosha kwenye flashi ya GB 16! Na FLAC ingepunguza pengine hadi karibu nusu, ingawa kanda yenye mvumo mwingi hukandamizika kwa shida, kwa kuwa kelele haina mpangilio wa kufupishwa. Faili zilifutwa kuokoa nafasi ambayo ingetoshea mfukoni.

Wala msidhani watumiaji wa Mac wamepona. Apple walipotoa Catalina mwaka 2019 programu zote za biti 32 zilikoma, na folda za Desktop na Documents zikaanza kuombewa ruhusa. Ushauri unaozunguka ni ule ule: zima Gatekeeper, zima hiki, zima kile. Ugonjwa ni mmoja, kanzu tofauti.

Lakini sitaki kumbebesha fundi peke yake mzigo. Fundi ana wateja watano kwenye foleni, na halipwi kwa kusoma ujumbe wa hitilafu, analipwa mashine ikiondoka. Sisi waandishi wa programu ndio tuliowafundisha watu kwamba ujumbe hausomeki, kwa kuandika jumbe zisizosomeka na madirisha yanayojifunga. Sisi pia ndio tunaojibu kila swali kwa "jaribu kama msimamizi" bila kuuliza neno. Microsoft nao wangeweza kutamka wazi kwamba kuburuta kumekatazwa, badala ya kunyamaza. Lawama ninazigawa. Lakini kufuta faili ya asili kabla ya kuhakiki nakala, hilo halina mshirika. Hilo ni kosa la aliyebonyeza.

Kwa hiyo, wewe mwenye kanda za harusi, hotuba, mahubiri, taarabu ya mtaani kwenu, fanya hivi. Pakua flac mpya kutoka Xiph.Org. Achana na vidirisha vya kale. Andika:

flac -8 -V "kanda01.wav"

Ile -8 hukandamiza kwa nguvu zaidi bila kugusa ubora. Ile -V huifungua sauti papo hapo na kuilinganisha na ya asili wakati inaandikwa. Ukimaliza, jaribu:

flac -t "kanda01.flac"

Ndani ya kila faili FLAC huweka alama ya MD5 ya sauti ya asili. Jaribio hili huifungua faili yote na kuhakikisha alama inalingana. Mjukuu wako ataweza kuliendesha mwaka 2050. Flac haifuti WAV yako mpaka uiambie. Usiiambie, mpaka uwe na nakala mbili zilizohakikiwa, katika vifaa viwili, na ikiwezekana nyumba mbili.

Na fundi akikuambia kitu kimekufa, mwulize: ujumbe wa hitilafu ulisemaje? Asipojua, chukua mashine yako.

Kanda kumi za nyanya sasa ni FLAC, zimehakikiwa, nakala moja iko kwangu Nairobi. Kati ya zile nne, kanda mbili bado zinazunguka na tutazirekodi upya. Mbili utepe umekatika vipande. Jana mjomba aliniuliza, "Na hizo mbili, mwanangu, haziwezi kurudi?"

Nilimwambia haziwezi. Tutabaki na ile sauti ya mtungini.

Makala ya hifadhidata ni wiki ijayo, inshallah.